Mke wa Jumanne

"Siz, nataka uwe bibi yangu Jumanne."

Nilikuwa nimeinamia cherehani, nashona majoho ya kwaya ya kanisa letu hapa Waithaka, pini tatu mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hachekeshwi. Nilizitema mezani moja moja, nikamtazama jirani yangu aliyesimama mlangoni na furushi la mboga za managu kifuani, nikamwuliza kama amelewa saa nne ya asubuhi.

"Jumanne tu," akasema. "Saa sita utakuwa umerudi kwa cherehani yako."

Tulikuwa tumegawana ukuta mmoja wa ploti ya vyumba vya kupanga kwa miaka sita. Sote wawili tulitoka magharibi, vijiji vilivyokaribiana, na hiyo peke yake Nairobi inatosha kumfanya mtu ndugu, ndiyo sababu ya lile siz lake. Alikuwa mtunza bustani katika nyumba kubwa ya Loresho, ambako mwajiri wake alipenda kuona mboga zikiota lakini hakupenda kuzila, kwa hiyo jioni zilifika kwangu. Binti yangu alipomwagikiwa na uji wa moto, ni yeye aliyembeba mgongoni mbio hadi hospitali, mimi nikifuata nyuma na kiatu kimoja. Kwa shukrani nilikuwa nimemtafutia mke mara mbili, wasichana wazuri wa kwaya. Mmoja alikula kuku wake wote akaenda zake.

"Bibi wa nini?" nikauliza.

"Wa kliniki."

Akakaa kwenye stuli ya wateja, akaniambia. Alikuwa na kidonda mahali ambapo mtu haonyeshi ovyo. Miezi minne nyuma alienda kliniki moja huko taoni, katikati ya jiji, akaulizwa maswali, akayajibu kwa ukweli kwa sababu ukutani palikuwa na bango linalosema mambo ya mgonjwa ni siri. Yule mhudumu akamwambia avue, angoje. Akatoka. Aliporudi alikuwa na wenzake watatu.

"Waliitana, siz. Kama watu wanaitana kuona nyoka amegongwa na gari. Mmoja alikuwa na mandazi mkononi."

Walimtazama, wakamcheka. Mmoja akamwekea mkono kichwani akaanza kumwombea pepo limtoke, na yeye amelala hapo bila nguo. Kisha wakamwambia arudi na mke wake ndipo atatibiwa. Akavaa, akaondoka, na kidonda chake vile vile.

Mimi nikikasirika sina sauti ya chini. Niliruka, stuli yangu ikaanguka.

"Wakudhanie shoga bure? Wewe? Mtu wa watu? Twende huko sasa hivi wanijue mimi ni nani!"

"Siz," akasema. "Si bure."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Niko na mtu," akaendelea, akiangalia managu. "Miaka mitano sasa. Ni mwanamume."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimshika mkono. Sikumshika. Nilimwambia achukue mboga zake atoke kwa nyumba yangu. Alipotoka nilichukua kikombe alichozoea kunywea chai, nikakisugua kwa steelwool mpaka maua yakaanza kutoka, nikakisugua tena. Nilimchukia, haki ya Mungu. Nilijichukia pia, kwa kumwachia mtoto wangu miaka yote hiyo, wakati hakuna lolote alilomfanyia isipokuwa kumwokoa.

Siku nne ukuta ulinyamaza. Nilimsikia tu asubuhi akienda kazini, hatua moja, anangoja, hatua nyingine. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nampaka binti yangu mafuta kwenye kovu la mguu, lile la uji, naye akaniuliza mbona siku hizi hatuli managu. Mkono wangu ukasimama juu ya lile kovu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikaugonga ukuta kwa ngumi. "Jumanne saa ngapi?"

Kisha sauti: "Saa mbili."

Tuliamua kwenda kituo cha afya kingine, ambako hakuna aliyemjua. Nilivaa pete ya mume wangu wa zamani, yule aliyekwenda zake na hata hakuidai. Kidole kilikuwa kimenenepa, ikabidi niipitishe kwa sabuni.

Kituo hicho kilikuwa na desturi yake. Mwanamume akija na mkewe, wanaruka foleni. Ilikuwa njia ya kuwavuta wanaume, maana peke yao hawaji. Muuguzi, mama wa makamo aliyezaliwa huko huko Dagoretti, sweta ya kijani na Biblia juu ya meza, alisimama mlangoni akapaza sauti: "Walio wawili, mbele!" Tukainuka mimi na jirani yangu. Benchi zima la akina mama likatugeukia. Mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisonya akasema, "Wengine wana bahati." Nilitaka kumwambia anipe mimi lile benchi lake, tubadilishane.

Ndani sista, yule muuguzi, alitushika mikono yote minne kwa pamoja.

"Mmeoana miaka mingapi?"

"Sita," akasema jirani.

"Nane," nikasema mimi, papo hapo.

Sista akacheka. "Wanaume! Hawakumbuki kitu." Akaandika nane. Kisha akavaa uso wa kazi. "Na mnakutana mara ngapi kwa wiki?"

Wacha nikwambie, mimi ni mtu wa maneno. Najibizana na wauza vitambaa wa taoni mpaka wananiomba niondoke. Lakini pale kichwa kilifunga. Niliangalia dari, nikaangalia kalenda, na neno la pekee lililobaki kichwani likatoka.

"Jumanne," nikasema.

Jirani alikohoa mpaka akapewa maji. Tangu siku hiyo sista aliniita Mama Jumanne.

Alikuwa mwema, na hilo ndilo linaloniuma. Alinitoboa kidole kwa upole, akanibonyezea pamba kama ananibembeleza, na akiwa bado ameshika kidole changu akasema, kwa sauti ile ile laini, "Nikiona familia kama hii moyo wangu unatulia. Siku hizi tunaletewa wale mashoga hapa, eti tuwahudumie. Mimi nilisema hapana. Waoze tu huko waliko."

Sikumwangalia jirani. Nilimsikia tu akiacha kupumua.

Majibu yakatoka. Kipimo changu mstari mmoja, chake miwili. Alikuwa na virusi vya Ukimwi. Sista alishika mkono wangu, si wake, akatueleza pole pole. Yeye angeanza dawa leo, kidonda kingetibiwa, na akimeza bila kuruka siku angeishi azeeke. Na mimi, kwa vile sijaambukizwa na ninaishi naye, ningepewa tembe zangu za kunikinga, moja kila siku. Akanisukumia mkebe mweupe wenye karatasi ya jina langu. Ulilia chakachaka.

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Mdomo ulikuwa wangu na pumzi zilikuwepo. Lakini lile neno la kuoza lilikuwa bado liko chumbani limekaa nasi, na mgonjwa wangu alikuwa ndiyo kwanza apate tiba. Nikautia mkebe mkobani.

Nje ya lango jirani alilia, akasimama akiegemea ukuta kama mtu anayefunga viatu. Nilidhani anajililia. Alipata sauti akasema, "Siz, hiyo dawa uliyopewa ni yake."

Nikashtuka. Ni kweli. Mtu aliyekuwa akilala na jirani yangu alikuwa taoni, na kinga aliyoandikiwa na serikali ilikuwa ndani ya mkoba wangu, pamoja na uzi na tepu ya kupimia.

Alhamisi nilikuwa na safari ya taoni kununua vitambaa. Nikapanda ngazi za jengo moja la vibanda hadi ghorofa ya tatu, nikamtafuta mpenzi wa jirani, fundi wa simu. Nilijitayarishia mtu wa ajabu, sijui wa rangi gani. Nilimkuta kijana mfupi, kucha safi, lenzi imebanwa jichoni, anafungua skrubu ambazo mimi niliona ni vumbi. Alipojua mimi ni nani alitoa ile lenzi, akanitazama kwa haya, kisha akatabasamu.

"Kwa hivyo wewe ndiye mke mwenza."

Nilitaka kukasirika. Nikacheka mpaka wa kibanda cha pili akachungulia. Na ndiyo likawa jina langu kwake, siku zote. Kwangu yeye alikuwa wa Taoni.

Nilimwambia kwanza aende apimwe. Nilimwambia kwa ukali, kama ninavyomwambia binti yangu aoge.

"Nitaenda na bibi gani?" akauliza.

"Nenda peke yako, wewe ni mtu mzima!"

"Jirani yako alienda peke yake," akasema, akarudisha lenzi jichoni.

Nilimpa mkebe.

Basi ikawa hivyo. Baada ya mwezi, kisha kila miezi mitatu, mimi na mume wangu wa Jumanne tulivaa vizuri tukaruka foleni. Mimi nilitobolewa kidole, nikaonekana safi, nikapewa mkebe, nikaupeleka ghorofa ya tatu. Kidole changu, tembe zake. Jirani alinenepa, kidonda kikapona, akaanza tena kupiga mluzi akifua nguo. Tulijiona wajanja, we acha tu! Tulikula mandazi kwenye kile kibanda cha simu na kuwacheka wote, wale wanne wa kliniki ya kwanza, sista, na mama wa benchi.

Sista alikuwa ananieleza kila mara kwa nini ananitoboa kabla ya kunipa. Alisema tembe hizi ni za asiye na virusi. Aliye navyo akizimeza peke yake hazimtoshi, zinamdanganya kwamba amejikinga huku virusi vinazizoea. "Ndiyo maana lazima nikupime, Mama Jumanne." Nami niliitikia kwa kichwa, nikihesabu majoho yaliyobaki. Niliambiwa. Niliambiwa mara tatu, kwa Kiswahili changu mwenyewe, na sikusikia, kwa sababu kidole kilikuwa changu na kidole changu kilikuwa safi.

Wa Taoni alianza kupungua. Nilimwona shati linamvaa badala ya yeye kulivaa. Akasema ni kazi. Kisha kichwa, kinamgonga kuanzia asubuhi, akasema ni vumbi la ngazi. Jirani alimsihi aende hospitali, wakagombana, wakanyamaziana wiki nzima, wakarudiana. Mimi nilifoka, nikatishia kumbeba. Aliniuliza jambo moja tu, watu kama wale wa mandazi wako hospitali gani, ili asiende hiyo.

Siku moja nilimkuta ameshika simu ya mteja na bisibisi, hagusi kitu.

"Mke mwenza, nisaidie. Wewe una macho ya sindano. Hii skrubu iko wapi?"

Ilikuwa hapo, mbele yake, wazi. Nikamwekea. Nikashuka ngazi, nikaenda kwa mchuuzi wa miwani kando ya barabara, nikamchagulia miwani ya kusomea yenye fremu nyeusi. Nilipanda tena nikamvisha kwa mkono wangu. Nikamwambia amependeza.

Bado sijajisamehe hilo neno.

Wiki mbili baadaye, mchana, simu yake ilinipigia lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani yake wa kibanda. Wa Taoni alikuwa ameangukia kaunta, wakamkimbiza hospitali, na namba yangu ndiyo iliyopigwa mwisho. Nilimtafuta mume wangu wa Jumanne, hapatikani. Baadaye nilijua mwajiri wake alikuwa amemtuma Kitisuru kuchukua miche na simu ilizima. Nikaacha joho limening'inia kwenye sindano, nikaenda peke yangu.

Daktari alikuwa msichana, sijui kama alikuwa na miaka mitatu kazini. Wadi ilijaa, ilikuwa saa ya kuwaona wagonjwa, watu na chupa zao za uji. Alikuwa ameshika mkebe mweupe.

"Mama, hii ilikuwa kwenye begi lake. Jina ni la mwanamke. Ni la nani?"

Nikasema sijui. Ndiyo, nilisema hivyo, na wa Taoni amelala hapo macho wazi, hanioni.

Daktari hakunifokea. "Kama sijui anameza nini na tangu lini, itabidi nibahatishe. Nikikosea, atakayelipa ni yeye."

Woi. Miaka yote najisifu nina mdomo. Basi nikaufungua, na mdomo wangu haujui kunong'ona.

"Jina ni langu! Dawa ni yangu na mmezaji ni yeye! Mpenzi wake ana virusi, na mpenzi wake ni mwanamume, ni jirani yangu, na mimi ni mke wa uongo. Huyu hajawahi kupimwa hata siku moja kwa sababu mngemcheka!"

Mama wa kitanda cha pili alikuwa anamimina uji, akaendelea kumimina mpaka ukajaa kikombe ukashuka shukani. Nikangoja. Nilikuwa nimekunja ngumi, nangoja daktari aite wenzake, nangoja sala.

"Asante, mama," daktari akasema, akiandika. "Ni miezi mingapi amezitumia?"

"Karibu minane."

"Sawa. Namba yako nipe, na ya huyo mwenzake. Atahitaji kuja."

Ndiyo hivyo tu. Hakuinua hata nyusi. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ya pini. Kumbe ilikuwa inawezekana. Kumbe ilichukua muda mfupi kuliko kuagiza chai, na sisi tulizunguka miezi minane, tukipanda ngazi na kushuka.

Walipima. Virusi alikuwa navyo, tena vya siku nyingi, kabla ya mkebe wangu wa kwanza. Kinga ya mwili ilikuwa imekwisha, na ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye utando wa ubongo, ukabana mishipa ya macho. Daktari alituchorea kwenye karatasi, mimi na jirani tumekaa bega kwa bega. Niliuliza kama angepimwa siku ile ile tuliyopimwa sisi ingekuwaje. Akasema tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Hakufa. Alikaa wadini wiki nyingi, jirani akimlisha kila jioni akitoka Loresho, na manesi wakimwita kaka yake. Dawa zinazofaa zikaanza, uzito ukarudi. Macho hayakurudi. Anauona mwanga wa dirisha, basi. Siku aliyojua hilo aliuliza kama ile miwani bado ipo.

"Ipo," nikasema.

"Usiitupe. Mtu atainunua."

Nilitoka nje nikalia kwa sauti, na sikujali nani ananiona.

Maneno ya wadini yalitangulia kufika Waithaka kabla yangu. Mwenyekiti wa kwaya alikuja kuchukua majoho, hata mengine bado hayajatiwa mikono. Nilimwekea chai hakuigusa. Alipotoka nilikitazama kile kikombe kilichojaa, nikakumbuka steelwool, nikajua kabisa anachofikiria kwa sababu nimewahi kukifikiria mimi. Sikuweza hata kumkasirikia vizuri.

Jumanne yangu ilipofika nilienda kituoni peke yangu. Niliingia foleni kama watu wengine. Sista aliponiona alifurahi.

"Mama Jumanne! Baba yuko wapi leo?"

Nikafunga mlango, nikavua pete, ikatoka kwa shida, nikaiweka mezani karibu na Biblia yake.

"Mimi si mke wake. Sijawahi. Mwenzake ni mwanamume, na dawa mliyonipa nilimpelekea yeye. Sasa ni kipofu."

Alikasirika kwanza, na alikuwa na haki. Alisimama akaniuliza kama najua nimefanya nini, kama najua kazi yake ingeweza kwenda, kama damu ni mchezo. Nami nikasimama. Tukafokeana wanawake wawili wazima, meza katikati.

"Mbona hamkuniambia?" akapiga meza. "Mimi ningekataa kumtibu mtu? Miaka ishirini na tano niko hapa!"

"Ulisema waoze!"

"Nani?"

"Wewe! Siku ya kwanza, umeshika kidole changu. Ulisema waoze huko waliko. Na mmoja alikuwa amekaa hapo, kwenye kiti hicho."

Akakitazama kiti. Nilimwona anatafuta, anarudi nyuma, anatafuta tena.

"Mimi nilisema hivyo?"

Hakukumbuka. Mungu wangu! Neno lililotufunga midomo miezi minane, lililomfanya mtu akae na kichwa kinapasuka mpaka macho yakazima, yeye hakulikumbuka hata kidogo. Lilimtoka kama vile mtu anavyosema leo kuna baridi. Nilikuwa nimekuja na matusi yangu yote yamepangwa, na yote yakaniishia.

Sista akakaa. Nje walianza kugonga mlango, akawaambia wangoje. Mwishowe akanirudishia pete.

"Mambo yenu mimi siyaelewi, sitakudanganya," akasema. "Lakini walete. Wote wawili. Jumanne ijayo."

"Ukisema neno moja baya nitabomoa hii meza."

"Walete, mama."

Niliwaleta. Jirani alikuwa amevaa shati la kanisani, wa Taoni amepigiwa pasi na mimi. Walishikana mikono kutoka langoni, kwa sababu mmoja hakuona njia, na akina mama wa benchi walisogeza miguu kuwapisha, mmoja akasema, "Mungu akubariki, baba, kwa kumtunza ndugu yako." Miaka mitano na ushei hawakuwahi kushikana mikono mbele ya mtu.

Sista alisimama mlangoni na sweta yake ya kijani. Aliwaangalia.

"Walio wawili," akasema, si kwa sauti kubwa, "mbele."

Mama mmoja akageuka kutafuta mke yuko wapi, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Sista akaongeza sauti. "Nimesema walio wawili! Njooni."

Ndani alitoa faili ya jirani, akafungua ukurasa wa kwanza, palipoandikwa jina langu kama mke kwa mwandiko wake mwenyewe. Akachora mstari juu yake. Akamgeukia wa Taoni, akamuuliza jina, umri, kazi. Alipofika kwenye kazi, yule alisita, akasema alikuwa fundi wa simu.

"Na huyu uliyekuja naye," sista akauliza, macho kwenye karatasi, "ni nani wako?"

Jirani yangu akaangalia sakafu. Aliyejibu ni wa Taoni, uso ameuelekeza dirishani kwenye mwanga.

"Ni mwenzi wangu."

Kalamu ilisimama. Mkono wangu mmoja tayari ulishika ukingo wa meza. Kisha nikasikia wino ukikwaruza karatasi, pole pole, herufi moja moja.

Alipomaliza, wa Taoni alinyoosha mkono hewani akanitafuta, akanishika begani, akaniinamia.

"Mke mwenza," akanong'ona, "ameandika nini?"

Nikasogea nikaangalia vizuri, nikamsomea: "Mwenzi."